Kugawa vitenzi vya Kihispania kwa silabi na kujua mkazo unakaa wapi

Kiswahili mkazo wetu unakaa silabi ya pili kutoka mwisho karibu kila neno, kwa hiyo hablo (naongea) unaipata bila shida, HA-blo. Ila habló ni ha-BLÓ, aliongea, na ukiitamka kama ile ya kwanza ushabadilisha mtu na wakati, yaani hii ishu ya mkazo inagusa maana kabisa.

Gawa kwanza, mkazo baadaye. Konsonanti moja katikati ya irabu inaenda na irabu inayofuata: vi-vo. Mbili kwa kawaida zinaachana, can-to, sal-go, isipokuwa zile kama bl, br, pr, tr, cr zinashikana: a-bro, com-pro. Ch, ll na rr usizikate kamwe, co-rro. Na s ya estudio ifunge kwenye e, es-tu-dio, usichomeke irabu ukasema esitudio.

Kazi kubwa iko kwenye irabu. Sisi kila irabu ni silabi yake, ki-mbi-a, sasa mtu akiona estudia anasoma es-tu-DI-a, na hapo ndo wengi wanapopotea. Kwa Kihispania i na u ni dhaifu, zikikaa na a, e au o zinaungana silabi moja: es-TU-dia, tatu tu basi. Hiyo i itamke kama y na u kama w, puedo ianze kama pwani, PUE-do. Zenye nguvu, yaani a, e na o, mbili zikikutana zinaachana, LE-o, CA-en. Na i au u ikibeba alama ya mkazo (´) imejitenga: co-MÍ-a. Angalia continúo, naendelea, con-ti-NÚ-o, silabi nne, halafu continuó, aliendelea, con-ti-NUÓ, tatu, zisome kwa sauti moja baada ya nyingine mpaka masikio yazoee.

Sasa mkazo. Kitenzi kikiishia irabu, n au s, piga ya pili kutoka mwisho: CO-men, ha-BLA-mos. Kikiishia konsonanti nyingine piga ya mwisho: ha-BLAR, hata estoy imo humu, es-TOY. Ukiona alama achana na sheria zote ufuate alama: ha-BLÁ-ba-mos, ambapo mdomo wa Kiswahili utakuvuta useme hablaBAmos, ukatae.

Amri zikibebeshwa viwakilishi mkazo hauhami. COM-pra, nunua, ongeza lo inakuwa CÓM-pra-lo, inunue, na alama imewekwa kwa sababu mkazo umebaki tatu kutoka mwisho. DI-me haina alama ila DÍ-me-lo inayo, sababu ni hiyo hiyo.

Fue, fui, dio na vio ni silabi moja moja, haziwekwi alama. Ukikuta fué kwenye kitabu cha zamani usibabaike, Real Academia Española, taasisi inayosimamia Kihispania, iliiondoa rasmi 1959.