Somo: Kupima breki za ubongo kwa mapigo mawili ya sumaku

Anthony Barker na wenzake wa Sheffield walionyesha mwaka 1985 kwamba sumaku inayowekwa nje ya fuvu inaweza kurusha misuli ya mkono. Mwaka 1993 Kujirai na wenzake wakaongeza ujanja: tanguliza pigo dhaifu, kisha kali, na jibu la msuli linapungua. Kupungua huko ndiko uzuiaji, yaani breki za ubongo. Kazi hiyo hufanywa hasa na vipokezi vya GABA-A, sehemu za seli za neva zinazopokea GABA, kemikali ya ubongo inayozituliza.

1. Muulize mhusika kuhusu kifafa, chuma kichwani, pesimeka (kifaa cha kuendesha mapigo ya moyo) na kifaa cha kusikia kilichopandikizwa. Mpe vizibo vya masikio, koili (waya uliozungushwa unaotoa pigo la sumaku) inalia kwa ukali.

2. Bandika elektrodi (vibandiko vinavyosoma umeme wa msuli) kwenye msuli ulio kati ya kidole gumba na cha shahada.

3. Weka koili yenye umbo la nane upande wa kichwa ulio kinyume na mkono huo, mpini ukitazama nyuma, nyuzi 45 kutoka mstari wa kati. Isogeze kidogokidogo hadi jibu liwe kubwa kabisa, kisha weka alama.

4. Tafuta kizingiti: nguvu ndogo kabisa inayotoa jibu la msuli la mikrovolti 50 angalau mara 5 kati ya 10.

5. Pigo kali litoe kama milivolti 1. Dhaifu liwe asilimia 70 hadi 80 ya kizingiti, litangulie kwa milisekunde 2 au 3. Changanya na mapigo makali ya pekee, bila mpangilio.

6. Gawanya wastani wa mapigo mawili kwa wa pigo la pekee. Ukipata 0.4, jibu limepungua kwa asilimia 60.

Wengi huharibu kwenye msuli. Ukikazwa hata kidogo, uzuiaji hupungua. Kagua mstari wa umeme wa msuli kwenye skrini kabla ya kila pigo. Ukitetemeka, tupa jaribio hilo. Na asipige soga!

Maswali

*Mkuu, napata 1.2 kwa mtu mwenye afya.*
Angalia muda kwanza. Mapigo yakiachana kwa milisekunde 10 hadi 15, jibu huongezeka. Kama muda uko sawa, punguza pigo la kwanza.

*Anayetumia diazepam, dawa ya kutuliza?*
Uzuiaji huonekana mkubwa zaidi. Andika dawa na saa aliyomeza. Usimwachishe bila daktari wake.

*Na GABA-B, aina nyingine ya vipokezi vya GABA, je?*
Tumia mapigo mawili makali, milisekunde 100 kati yao. Au akaze msuli, umpige mara moja, upime ukimya unaofuata.