Jinsi ya kutoa ushahidi wa lokesheni kwenye simu ukasimama mahakamani

Chukulia mzigo wa dagaa haukufika mwalo wa Kirumba, Mwanza. Msafirishaji anasema usiku ule alikuwa Ukerewe, kisiwani Ziwa Victoria, na anaonyesha lokesheni aliyoituma WhatsApp. Umeletewa simu yake.

Hatua ya 1: Pata ruhusa ya maandishi ya mwenye simu au amri ya mahakama. Kama huna, usiiguse.

Hatua ya 2: Usiizime. Simu ikizimwa na kuwashwa, mafaili mengi hubaki yamefungwa mpaka namba ya siri iingizwe. Iweke hali ya ndege, hakikisha Wi-Fi na Bluetooth vimezimwa, ichomeke chaji. Andika saa inayosomeka kwenye simu pamoja na saa halisi.

Hatua ya 3: Toa nakala, piga hashi ya SHA-256 (alama ya utambulisho inayokokotolewa kutoka kwenye faili, hubadilika faili likiguswa), kisha fanyia kazi nakala ya pili. Kwenye Android, msgstore.db (hifadhidata ya meseji za WhatsApp) iende pamoja na msgstore.db-wal (faili la mabadiliko ambayo bado hayajaingizwa humo). Wengi huiacha hiyo ya pili, wakati meseji za mwisho mwisho zinaweza kuwa humo.

Hatua ya 4: Ndani ya msgstore.db, fungua jedwali la message_location, linalotunza lokesheni zilizotumwa. Tulia hapa, maana ni rahisi kukosea hapa. Mwanza iko kusini mwa Ikweta, kwa hiyo latitudo ina alama ya kutoa: Kirumba ni takriban -2.5, 32.9. Ukiidondosha alama hiyo, ramani inakupeleka karibu na Lira, Uganda! Muda nao umeandikwa kwa milisekunde tangu 1970, saa za UTC (saa za kimataifa, saa tatu nyuma ya zetu). 1718393400000 ni tarehe 14 Juni 2024, 19:30. Ongeza saa tatu, ni saa 4:30 usiku kwetu. iPhone huhesabu sekunde kuanzia 1 Januari 2001.

Hatua ya 5: Tazama ni lokesheni ya aina gani. Pini ya kawaida mtu anaweza kuichagua kwenye ramani, kwa hiyo peke yake haithibitishi kitu. Ile ya moja kwa moja, ya dakika 15, saa 1 au saa 8, huifuata simu yenyewe. Ikikatika katikati ya ziwa, usikimbilie kusema aliizima: GPS hufanya kazi pasipo mtandao, lakini meseji haitoki. Linganisha na picha alizopiga na miamala ya simu. Na kumbuka unafuatilia simu. Aliyeishika ni swali jingine.

Hatua ya 6: Andika ripoti. Kifungu cha 18 cha Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 kinaitaka mahakama ipime jinsi taarifa ilivyotengenezwa na kutunzwa. Orodhesha kila aliyeipokea simu, na saa aliyoipokea. Ambatanisha hashi: mtaalamu wa upande wa pili akipata herufi na tarakimu zilezile 64, hoja kwamba nakala ilichezewa baadaye haina pa kusimama.