Jinsi ya Kuchambua Mgogoro wa Haki za Kutangaza Mpira katika Televisheni ya Kulipia

Kabla ya kumtuhumu mwenye kituo kwa ukiritimba, bainisha kwanza soko lenyewe: je, mtazamaji aliyekosa Ligi Kuu ya Uingereza angeridhika na tamthilia, au hata na ligi nyingine? Ikiwa hangeridhika, soko ni jembamba, na anayelishika ana nguvu kubwa.

Kisha soma mkataba, ukitazama muda wake na iwapo haki zote zimeuzwa kwa mnunuzi mmoja. Mfano wa kufaa ni uamuzi wa Kamisheni ya Ulaya wa Machi 2006, uliozipa nguvu ya kisheria ahadi za Premier League (hiyo Ligi Kuu ya Uingereza) za kugawa mechi za moja kwa moja katika mafungu 6, pasipo mnunuzi yeyote kuyachukua yote. Kati ya vituo vya kulipia, Sky ikapata 4 na Setanta 2. Mtazamaji, kwa bahati mbaya, akajikuta analipia vituo viwili.

Kwa hiyo pima vyema nafuu, yaani hatua ya kurekebisha hali, utakayoiomba. Kugawa haki si sawa na kumlazimisha mwenye chaneli awauzie washindani kwa bei ya jumla, kama Ofcom, mdhibiti wa utangazaji wa Uingereza, alivyoiamuru Sky mwaka 2010, amri iliyozaa rufaa za miaka kadhaa.