Baada ya kung'olewa gego la mwisho lililokwama

Gego lililolala ndani ya taya halitoki kwa kuvutwa tu: daktari hupasua fizi, huchonga mfupa kidogo, mara nyingi hulikata vipande, kisha hushona. Kwa hiyo unarudi nyumbani na kidonda, si tundu tupu.

Ng'ata pamba ya shashi kwa dakika 30 hadi 45 bila kuifunua kila mara kuchungulia. Damu ikiendelea, weka nyingine safi, ng'ata tena. Mate yenye wekundu siku ya kwanza ni kawaida. Meza dawa ya maumivu uliyoandikiwa kabla ganzi haijaisha; ukingoja uchungu ukolee, utaufukuza kwa shida.

Kazi kubwa ni kulinda donge la damu lililoziba tundu. Kwa saa 24 usisukutue, usiteme kwa nguvu, usinywe kwa mrija. Sigara ndiyo adui mkubwa, iache angalau siku tatu. Donge likitoka mapema, mfupa hubaki wazi, na kati ya siku ya pili na ya nne huja maumivu makali yanayopanda hadi sikioni, pamoja na harufu mbaya. Hayo hayavumiliwi kwa vidonge. Rudi daktari asafishe tundu na kuweka dawa.

Kesho yake anza kusukutua taratibu: nusu kijiko cha chai cha chumvi kwenye glasi ya maji ya uvuguvugu, kila baada ya mlo.

Uvimbe hufikia kilele siku ya pili au ya tatu. Ukiongezeka baada ya hapo, au ukipata homa, usaha au shida ya kumeza, nenda hospitali siku hiyohiyo.