Kampuni Ikija Shuleni Kuendesha Changizo: Pigeni Hesabu Kabla ya Kusaini

Kampuni zinazoendesha changizo za michezo shuleni huja na ahadi tamu: shule haitoi hata senti. Huleta mwanamichezo, watoto wanaruka na kukimbia, kila mmoja anarudi nyumbani na fomu ya wadhamini, yaani watu watakaomchangia, na pesa zikipatikana zinagawanywa kati ya shule na kampuni. Ni kweli shule hailipi. Anayelipa ni jirani, shangazi na babu, ambao wanaamini mchango wao wote unanunua vitabu.

Basi ulizeni kwanza: mgao unahesabiwa kutoka kwenye nini? "Asilimia 60 kwa shule" inaweza kuwa ya jumla iliyochangwa au ya kinachobaki baada ya gharama. Tuseme watoto 300 wameleta 10 kila mmoja, jumla 3,000. Mgao wa jumla unaipa shule 1,800. Kampuni ikikata kwanza 500 za zawadi, fomu na ada za malipo ya mtandaoni, shule inapata 1,500. Sasa fikirieni ni watoto 100 tu walioleta pesa. Jumla ni 1,000, makato ni yale yale 500, shule inabaki na 300. Hapo mdhamini ametoa 10, na 3 tu zimefika. Fanyeni hesabu hii ya mwaka mbaya mbele ya mwakilishi wao.

Kisha linganisheni na kujiendeshea wenyewe. Panga makundi ya watoto 30 na vituo vinne: kuruka kamba, kukimbia kati ya koni, kuchuchumaa na kusimama, kupanda na kushuka ngazi. Dakika moja ya zoezi, dakika moja ya kupumzika na kuhama. Mizunguko miwili ni dakika 16, hivyo makundi 10 yanamalizika ndani ya saa tatu. Mnahitaji walimu wawili, wazazi wanne, maji na sanduku la huduma ya kwanza. Asubuhi ni bora, kabla jua halijawa kali.

Kama hamna watu wa kutosha na mmeamua kuita kampuni, mkataba useme wazi: mgao ni wa jumla, pesa zote ziingie kwanza akaunti ya shule, ndipo kampuni ilete ankara, na mgao uandikwe kwenye uso wa fomu ya wadhamini, kwa herufi zinazosomeka. Kampuni ikikataa sharti hili la mwisho, achaneni nayo. Kwenye ukurasa wa michango wa mtandaoni, mtoto atajwe kwa jina la kwanza pekee, bila picha, na taarifa zifutwe ndani ya siku 30.

Zawadi ndizo huumiza zaidi. Zikipangwa kwa kiasi cha pesa, mtoto wa nyumba isiyo na uwezo anaaibishwa mbele ya wenzake kwa kosa lisilo lake. Kila mtoto ashiriki, awe na wadhamini au asiwe nao. Msisome majina ya walioleta zaidi. Kama lazima pawe na zawadi, iwe ya darasa zima.

Fomu zirudi ndani ya siku 10. Mkichelewa, wadhamini husahau. Pesa taslimu zihesabiwe na watu wawili, wote wasaini, zipelekwe benki siku hiyo hiyo. Ndani ya mwezi mmoja wapeni wazazi taarifa ya ukurasa mmoja: jumla iliyochangwa, iliyochukuliwa na kampuni, iliyobaki, na kilichonunuliwa.