Kabla ya kumtoa darasani mtoto mwenye usonji
Walimu wenzangu, mtoto mwenye usonji (hali ya ukuaji wa ubongo inayoathiri mawasiliano na namna anavyopokea sauti, mwanga na mengineyo) anapopiga mayowe au kutupa madaftari katikati ya kipindi, mara nyingi huwa ameelemewa na sauti, mwanga au mabadiliko ambayo hakuyatarajia. Kabla ya kumtoa nje, andika kwa muda wa wiki 2 kile kilichotangulia kila tukio. Kwa njia hiyo niligundua kwamba mwanafunzi wangu mmoja, ambaye tulikwisha kumwita mtukutu, alikuwa akiziba masikio kila ulipokaribia wakati wa mapumziko, kwa sababu kengele yetu, ambayo ni rimu ya gari iliyotundikwa mwembeni, iligongwa karibu kabisa na dirisha lake. Tulimhamishia dawati la upande wa pili, nami nikawa namwonyesha picha ya kikombe cha uji dakika 5 kabla ya kengele ili ajue kinachofuata. Vurugu zilipungua sana, ingawa hazikwisha. Mtoto akilemewa, zungumza naye kwa sauti ya chini na kwa maneno machache, kwani maelezo marefu wakati huo humzidishia mzigo. Na mzazi aulizwe mapema ni kitu gani humtuliza mwanawe nyumbani.