Fidia ya ulemavu: usiangalie hela tu, angalia asilimia

Hii ni kwa wenzangu wa viwanda vya minofu hapa Mwanza, na yeyote aliyeumia kazini. Barua ya fidia kutoka WCF (Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi) ikifika, wengi macho yanakimbilia kiasi cha pesa. Tafuta kwanza asilimia ya ulemavu uliyopewa. Ukipewa 30 kushuka chini, unalipwa mkupuo mmoja basi. Ikivuka 30, ni pensheni ya kila mwezi. Pointi moja tu hapo inabadilisha maisha ya nyumba nzima.

Hujaridhika? Andika barua ya kuomba uamuzi upitiwe upya, na uwahi, usikae nayo kabatini. Kulalamika kijiweni hakuhesabiki, na simu haiachi ushahidi. Peleka nakala mbili, yako igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe.

Lakini barua yenyewe haina nguvu bila daktari. Ripoti inayosema tu "amekatika kidole" ni dhaifu mno. Mwombe aandike mkono upi, kidole kimekatikia pingili ipi, unaweza kushika kisu cha minofu au huwezi, ganzi ipo au haipo. Kagua pia mshahara uliotumika kupiga hesabu. Linganisha na salari slipu zako, maana ukiandikwa pungufu na fidia inapungua.

Kuandika kukikushinda, waulize ustawi wa jamii halmashauri wakuelekeze kwa wasaidizi wa kisheria. Hao kwa asiye na uwezo ni bure.